Mrejesho: Cessna 182 iliyokunja mguu wa mbele Mwanza

Wakuu, niliuliza kwa nini Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja, ilidunda mara tatu ikitua Mwanza, mguu wa mbele ukakunjika na propela ikagonga lami. Fundi amemaliza ukaguzi.

Chanzo ni mwendo. Ilikuja na noti 80 (maili za baharini kwa saa) badala ya 65 hivi. Uwanja uko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo kwenye nyuzi 28 za joto, noti 80 zinazoonyeshwa na kipima mwendo ni karibu 88 za mwendo halisi angani. Ndege ikagoma kukaa chini, rubani akasukuma usukani mbele, tairi la pua likatangulia. Kila akisukuma tena, mdundo ulikua. Dawa ni kuacha pua ilipo, kuongeza nguvu ya injini na kupaa upya, mapema kabisa.

Ukuta wa kuzuia moto, ulio kati ya injini na chumba cha rubani, umejikunja na ribiti (misumari inayoshika bati) zimelegea, ugonjwa unaojulikana wa 182. Injini, aina ya Continental, inafunguliwa yote ingawa inazunguka vizuri: ufa wa krenki (mhimili wa injini unaozungusha propela) hauonekani kwa macho, unatafutwa kwa sumaku. Tafadhali, asiwadanganye mtu kwamba kubadilisha propela kunatosha.