Naomba ushauri: kishikio cha kunolea patasi
Wakuu habari zenu. Nipo Bagamoyo, nachonga milango ya nakshi. Mbao zetu ni mninga na mkongo, hivyo patasi zinaisha makali upesi. Nimejitengenezea kishikio cha kunolea: vipande viwili vya mbao vinavyobana patasi kwa boliti mbili, na chini katikati beringi moja ya kutembelea. Nanoa juu ya msasa wa maji niliobandika kwenye kioo, naanza na namba 400 namalizia na 1000. Nalenga makali yawe na pembe ya nyuzi 30, maana kwa nyuzi 25 makali membamba yanamegeka kwenye mbao ngumu.

Patasi pana zinatoka safi, hata ndevu unanyoa. Shida ni ile ya milimita 6: inacheza ndani ya kishikio na makali yanakwenda upande. Nichimbe mfereji katikati wa kuikamata, au niweke beringi mbili zilizoachana ili kisiyumbe? Tena chumvi ya pwani hii inazila beringi kwa kutu. Kuna aliyejaribu gurudumu la plastiki?

Cha dukani msinishauri, bei zake nazijua. Mwenye picha ya alichotengeneza mwenyewe aiweke.