MREJESHO: Masikio kuvuma kila nikitoka shifti
Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kuhusu masikio kuvuma nikitoka kazini, nipo kiwanda cha misumari, mkaniambia niache kununua dawa za matone nikapimwe usikivu.

Nilianza kwa supavaiza akasema nitazoea. Iliniuma sana, maana kuna mzee pale kakaa na zile mashine miaka mingi, leo ukimuita lazima umguse bega. Basi tukaenda watu sita kwa HR pamoja na mtu wa chama cha wafanyakazi, tukawaonyesha sheria ya usalama na afya kazini ya 2003, kwamba mfanyakazi anapimwa kabla ya kuanza kazi na anaendelea kupimwa akiwa kazini. Wiki tatu kimya, baadae wakaleta wapimaji.

Unakaa kwenye kachumba umevaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Sikio la kushoto ile milio myembamba sikuipata kabisa, nimekaa tu na kitufe mkononi nadhani hawajaanza. Daktari kasema usikivu uliokufa kwa kelele haurudi, tunalinda uliobaki. Kelele ya desibeli 85 kwa masaa 8 kila siku tayari ni hatari, na pale kwetu mtu wa hatua moja tu lazima umpigie kelele ndo akusikie.

Nimehamishiwa kufungasha, vizibo vya masikio vimeletwa, na yule mzee fomu zake za WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) zinaandaliwa. Nakala ya majibu yangu nimeomba, ipo nyumbani. Mlionisukuma nikapime asanteni mno.