Mteja kafuta oda yake WhatsApp halafu ananiambia "tulisema rangi ya udongo". Hii tabia ya kufuta meseji mnatuumiza wenzenu

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, maana leo nisipoandika hapa naweza kumfuata mtu nyumbani kwake na mkasi mkononi.

Mi ni fundi cherehani, nina kafremu kangu huku Tabata, nashona za kike, na misimu ya harusi ndo tunapata hela ya kodi. Oda zangu karibu zote zinapita WhatsApp, mteja anatuma picha ya mshono kaitoa Instagram, anatuma vipimo, anasema rangi, tunavutana bei kidogo, anarusha kianzio kazi inaanza. Hatuandikishani popote, hatuendi kwa mjumbe. Ile meseji ndo mkataba wenyewe.

Sasa Jumatatu ya wiki iliyopita saa mbili usiku mteja wangu mmoja, mama mtu mzima kabisa, nimemshonea toka mwaka juzi, kanitumia meseji sita mfululizo. Sare za mashangazi wa bibi harusi, magauni 9, kitambaa kijani cha jani la mgomba, mkono mrefu, zipu nyuma, na vipimo vya mmoja mmoja. Ya mwisho kaandika "fundi wangu nakutegemea usije ukaniangusha". Nikamjibu sawa mama, ondoa shaka. Akarusha laki na nusu.

Jumanne asubuhi nikadandia daladala huyo Kariakoo. Wanaoujua Mtaa wa Uhuru jua likiwa la saa sita wanielewe, nimeingia maduka mpaka miguu imevimba, maana kijani ziko nyingi ila ya mgomba inataka jicho, ukikosea kidogo inakuwa kijani ya bendera. Nikaipata. Mita 36 kwa elfu saba mita, pigeni hesabu wenyewe, 252,000. Kianzio chake chote kimeisha na laki na elfu mbili nimetoa mfukoni, hela niliyokuwa nimeitenga ya kikoba. Usiku ule ule nikakata gauni zote tisa ili Jumatano niamke nashona tu. Zote tisa jamani.

Jumatano jioni nashika simu naona kwake: ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Mara sita! Chini yake meseji moja mpya mbichi: "Fundi wangu mambo, ile rangi ya udongo umeipata?"

Udongo??

Nikajua kakosea mtu. Nikapiga, kapokea na sauti laini hiyo utadhani anabembeleza mtoto, nikamwambia mama mbona tuliongea kijani, akasema "hapana fundi, mi nilisema udongo toka mwanzo, utakuwa umenichanganya na mteja mwingine, si unajua nyie mnakuwaga na kazi nyingi". Nikamwambia mama hizo meseji zako umefuta. Akasema aah zile nilikosea kuandika ndo nikafuta, nikajua umeshanielewa.

Nimerudi kwenye ile chati nikaisoma juu mpaka chini. Kilichobaki ni cha kwangu tu. "Sawa mama, ondoa shaka." Sawa kwa lipi sasa? Ukimuonyesha mtu baki anaona fundi anajibizana na makaburi. Vipimo nilikuwa nimeshahamishia kwenye daftari kwa hiyo hivyo nnavyo, ila rangi sikuandika, nani anaandika rangi wakati kitambaa unacho mkononi.

Jirani yangu wa fremu ya pili ni kijana anatengeneza simu, nikamwita aje anifukulie. Huyo kijana ndo kanipandisha presha zaidi, maana kaanza kunipa historia. Kumbe hii kitu ya kufuta meseji kwa wote inaanza 2017 ulikuwa unapewa dakika 7 tu, zikipita meseji yako imekaa hapo milele. Mwaka uliofuata wakaongeza ikawa saa moja na dakika 8 na sekunde zake. Halafu Agosti 2022 wakaona haitoshi, wakaiweka siku mbili na nusu hivi, masaa 60. Nikahesabu kwa vidole: Jumatatu saa mbili usiku mpaka Alhamisi saa mbili asubuhi. Yani huyu mama kapewa muda wa kutuma oda, akanisubiri niende Kariakoo, akanisubiri nikate, akala akalala akaamka, ndo akafuta, na bado alikuwa na masaa kumi na mbili mengine ya akiba kama angetaka kupika kwanza. Dakika 7 naielewa, umekosea namba, umetuma picha siyo, unafuta unaendelea na maisha. Siku mbili na nusu kwa mtu ambaye anajua wewe umeshaanza kazi, hiyo mi naiona ni kumpa mtu kifutio cha kufutia deni.

Kuzifukua ikashindikana. Kuna sehemu kwenye Android inaitwa historia ya arifa, ipo kuanzia Android 11, inakaa na zile arifa zinazoingia juu ya simu hata mtu akija kufuta, ila inabidi uwe umeiwasha KABLA. Yangu ilikuwa imezimwa toka nimenunua simu. Na hata ingekuwa imewashwa inakaa kwa masaa 24 tu. Kijana akasema basi weka WhatsApp ile ya GB, ile inayoonyesha zilizofutwa. Nikamkatalia, namba hii ndo duka langu, na wale wenye WhatsApp wanafungia namba za wanaotumia hayo magumashi, siku wakiifungia wateja wangu wote nawatafutia wapi. Na zile programu nyingine zinazojisifu zinarudisha meseji zilizofutwa, angalieni kitu zinachoomba kabla hamjabonyeza kubali, zinaomba ruhusa ya kusoma arifa zako zote, na humo ndo zinapita namba za siri za benki na za miamala. Mi rangi ya kitambaa siiokoi kwa bei hiyo.

Sasa sikilizeni kilichokuja kuniua kabisa. Ijumaa shangazi mmoja katika wale tisa kaja kurudia vipimo, kasema kanenepa, kakaa kwenye stuli anapiga stori zake, bila kumuuliza kasema "yani fundi hiyo harusi ina mambo, juzi Jumanne wametubadilishia rangi, eti upande wa bwana harusi nao walishanunua kijani". JUMANNE. Kwa hiyo yule mama alijua. Rangi haikubadilishwa na yeye, ilibadilishwa na vikao huko, yeye kaona akiniambia ukweli nitamwambia kitambaa kimeshanunuliwa, hasara hiyo tufanyeje, kaona dawa ni kufuta ushahidi na kunivalisha mimi ujinga.

Na Mungu shahidi, angenipigia ile Jumanne jioni akasema fundi samahani wamebadili, tungegawana. Ningebeba nusu. Hizi kazi zina hayo, nimeshabeba za watu wengi tu na tunasalimiana mpaka leo. Kinachoniuma mwenzenu ni kwamba kaona kufuta ni rahisi kuliko kuniomba samahani.

Ndo maana nasema hii tabia ina pande zake na watu hatuzijui. Kufuta sio dhambi. Umekosea namba ya kutumia hela, futa haraka sana, tena piga na simu kabisa. Mtoto kachezea simu katuma stika arobaini, futa. Umekosea herufi tu usifute, toka 2023 unaweza kuihariri meseji ndani ya dakika 15 inaandika imehaririwa na maisha yanaendelea. Ila ukifuta TOA NENO. "Samahani haikuwa yako." Maneno matatu. Usimuachie mtu kile kibandiko cha "ujumbe huu umefutwa" akakaa nacho usiku kucha anajiuliza kulikuwa na nini.

Mfano kwenye grupu letu la ukoo. Mwezi uliopita saa kumi na moja alfajiri mama mdogo yuko Tanga kaweka kitu, kakifuta. Sasa nyie mnajua meseji ya ukoo saa kumi na moja alfajiri inakuwaga ni nini. Watu wa Dar tumeamka wote, huyu anampigia yule, babu anaumwaga presha, babu hapatikani, mama mdogo anapigiwa simu inaita tu, kaka yangu wa Mbagala kashaanza kuuliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Saa moja na nusu mama mdogo kapokea. Alikuwa kaenda kisimani simu kaacha ndani. Alituma picha ya maua yameandikwa asubuhi njema wanangu, kaona picha imetoka na kivuli, kafuta atume nyingine. Babu alikuwa amelala zake.

Tulicheka baadae lakini bando na presha nani alilipa.

Na maadmini wa magrupu nao wamo, siku hizi admini anaweza kufuta hata meseji ya mtu mwingine. Kuna kamati ya harusi nilikuwemo mtu kauliza tu hesabu ya ukumbi imekaaje, puu, imefutwa na admini. Aliyeuliza akaonekana ndo mchawi.

MREJESHO 1: Naona mmoja ameandika WhatsApp afadhali inaacha alama, na ni kweli. Huko Instagram mtu akiondoa meseji inapotea kama haikuwahi kuwepo, Telegram nayo toka 2019 mtu anafuta mpaka za miaka ya nyuma pande zote mbili na huoni hata kovu. Kwa hiyo mafundi wenzangu mnaochukua oda huko mtakuja kulia kuliko mimi.

MREJESHO 2: Kuna aliyeniuliza "na wewe dada hujawahi kufuta?" Nimewahi sana, tena naomba niwaambie ukweli mcheke. 2021 nilirekodi voisi ya dakika mbili na nusu namsengenya wifi yangu kuhusu ule mchele wa sikukuu, nikijua namtumia mdogo wangu, kumbe nimeiweka kwenye grupu la ukweni. Nikapanik, nikabonyeza futa, nikachagua FUTA KWANGU badala ya futa kwa wote. Siku hizi ukikosea hivyo inakupa sekunde tano za kughairi, wameleta mwishoni mwa 2022, wakati ule hakukuwa na huruma hiyo. Kwangu haipo, kwao wote ipo, na siwezi tena kuifuta kwa sababu siioni. Nimekaa naangalia tiki zinavyobadilika bluu kwenye meseji iliyofuata niliyoandika "samahani jamani". Wifi kanijibu "hamna shida wifi, mchele umebaki, njoo uchukue". Mpaka leo tukikutana ananiuliza kama nimeshakula. Lakini niliomba msamaha! Sikumwambia wifi umesikia vibaya, sikumwambia hiyo sio sauti yangu.

MREJESHO 3: Wale mnaosema "mafundi nyie ndo waongo wakubwa, kila siku njoo Jumamosi, vimebaki vifungo tu", sawa, nimepokea, hilo ni kweli na wala sibishi, kuna gauni la mtu hapa vimebaki vifungo toka Pasaka. Tufungue uzi wake nitakuja kujitetea. Huu ni wa meseji.

MREJESHO 4: Aliyeuliza najilindaje sasa hivi. Oda ikiingia naivuta naijibu ile ile, ili iwe imenukuliwa ndani ya jibu langu, hata akija kufuta ya juu nukuu yake inabaki pale kwenye langu. Halafu napiga skrinishoti. Halafu naandika kwenye daftari na rangi, na nabana kipande cha kitambaa kwa pini pembeni ya vipimo kama alivyokuwa anafanya fundi aliyenifundisha, enzi hizo nilikuwa namuona mshamba. Na kianzio sasa hivi ni bei ya kitambaa CHOTE, asiyetaka kuna mafundi wengi Tabata.

Kuhusu yule mama tumefikia hapa: kasema hatalipa kijani, ila anataka laki na nusu yake irudi au nimshonee udongo kwa hela hiyo hiyo. Nimemwambia aje dukani tuongee uso kwa uso. Kasema atakuja Jumamosi. (Na mimi nimesikia hiyo Jumamosi, msinicheke.)

Wakati huo nina magauni tisa ya kijani cha mgomba yamekatwa yako kwenye mfuko, mkono mrefu, saizi ni mbili za wembamba, tano za kawaida na mbili za wamama wenye miili yao. Mwenye shughuli mwezi huu na hajachagua rangi anicheki, namaliza kushona ndani ya siku nne, bei tunaongea. Ila oda utaisema kwa mdomo, hapa hapa fremuni, mbele ya kijana wa simu.