Mama lishe aliyejifungua njiti: naye alipwe akiwa wodini, au tununue mashine kwanza?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Nimetoka hospitali sasa hivi kumwona shemeji yangu, mke wa kaka. Kajifungua njiti, yaani kabla ya wakati, wiki ya 30, mtoto gramu 1,350. Wako wodi ya kangaroo, ile ya kumbeba mtoto kifuani. Mtoto kavaa kofia, soksi na nepi basi, kalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, mrija mwembamba puani, halafu khanga imewafunga wote wawili. Mama analala nusu kukaa, kaegemea mito miwili. Akitaka kukohoa anakishika kwanza kile kichwa.

Simu yake ikaita mara tatu nikiwa pale. Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali. Wanataka marejesho. Shemeji ni mama lishe, na genge lake lina siku ya 11 limefungwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, nesi asisikie: "Shem, kesho nitatoroka nikapike mara moja, saa nane nitakuwa nimerudi."

Ndipo nikaja na swali langu. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mabadiliko ya 2025 yameongeza kitu kizuri: ukijifungua njiti, muda uliobaki mpaka ujauzito ungefika wiki 36 unajumlishwa juu, na baba anapata siku 7 badala ya 3. Doris Mollel, mtetezi wa watoto njiti, na wenzake walilipigia kelele jambo hili muda mrefu, wapewe maua yao. Shemeji angekuwa karani mahali angepata wiki 6 za nyongeza. Kwa kuwa anauza wali maharage, kapata sifuri.

Na wodini hakai bure. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti katika hospitali 5, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, matokeo yakatoka 2021. Watoto walikuwa wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, jingine likasubiri mtoto atulie kwanza kama ilivyozoeleka. Ndani ya siku 28, kundi lililosubiri lilipoteza 15.7%, lile la kwanza 12%. Utafiti ulikatishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikwisha onekana. Wale walioanza mapema walibebwa karibu saa 17 kwa siku wakiwa kwenye uangalizi.

Saa 17, wakuu. Mlinzi wa usiku anafanya 12 na analipwa.

Pendekezo: serikali imtumie kwa simu elfu kumi kwa siku, kwa wiki zilezile anazoongezewa mwajiriwa. Kwa shemeji ni siku 42, jumla 420,000. Naomba kuwasilisha.

Mhasibu Mstaafu

Mleta mada, pole na hongera kwa familia. Ila tusidanganyane. Takwimu za kitaifa hizi hapa: kati ya utafiti wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya kina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vifo vya watoto ndani ya mwezi wa kwanza? Kutoka 25 hadi 24 kwa kila 1,000. Yaani tumesimama palepale. Kwangu hiyo inasema mtoto mchanga anakosa huduma ya wodini: oksijeni, mashine za kusaidia kupumua, manesi wa kutosha usiku. Ukinipa shilingi moja naipeleka huko kabla sijaanza kugawa elfu kumi kumi. Mgawo wa fedha taslimu ukishaanza hauzimiki, na majina hewa tunayajua.

Kijana wa Buza

Si watu wataanza kuzaa njiti makusudi wale hela?

Nesi Zamu ya Usiku

Kijana wa Buza, njoo ukae na mimi usiku mmoja tu. Mtoto akisahau kupumua umguse unyayo, umhesabie. Halafu urudi hapa uandike tena.

Mhasibu, shikamoo. Nipo wodi ya watoto wachanga, sitasema wapi. Huo utafiti wa hospitali 5 mimi nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Watu wanaupita kasi wakiona neno "kifua". Mashine za kusaidia kupumua zilikuwepo kwa makundi yote mawili. Tofauti haikutoka hapo. Ilitoka kwenye kitu cha ajabu kwa wodi zetu: kitanda cha mama kiliwekwa ndani ya wodi ya uangalizi maalumu, pembeni ya mtoto. Kwetu mtoto yuko ghorofa moja, mama ghorofa nyingine, anaitwa saa ya kukamua maziwa kama mgeni. Kwa hesabu yao, kila watoto 27 waliowekwa kifuani mapema, mmoja aliyekuwa afe alibaki. Huyo hakununuliwa kwa mashine mpya.

Kwa hiyo usinilazimishe kuchagua kati ya oksijeni na mama. Navihitaji vyote. Ila oksijeni ikikatika napiga simu kwa fundi. Mama akitoroka kwenda kupika nampigia nani? Na wanatoroka kweli. Mara nyingi si uzembe: nyumbani kuna wengine watatu, na wodini chakula anakula kile kilicholetwa na ndugu. Asiye na ndugu anakunywa chai ya mwenzake. Maziwa yanapungua, uzito wa mtoto unasimama, tunaanza upya.

Mtani wa Bukoba

Nesi, heshima yako. Lakini mezani kuna utafiti mwingine mnaufunika kawa. Uganda walijaribu jambo linalofanana, hospitali 5, watoto zaidi ya 2,200, kangaroo kabla hali haijatulia. Ukachapishwa 2024. Vifo ndani ya siku 7 havikutofautiana. Sasa tulipe taifa zima kwa matokeo ya upande mmoja?

Nesi Zamu ya Usiku

Swali zuri, ndilo nililokuwa naliogopa. Ndiyo, Uganda hawakuona tofauti ya vifo. Lakini kule watoto walibebwa saa chache sana kuliko zile 17. Wodi zilikuwa za kawaida kama yangu, nafasi imebana. Mimi nausoma hivi: ukimwagiza mama ambebe mtoto bila kumpa mahali, chakula na muda, unapata nusu dozi. Mwingine atausoma tofauti, sitagombana naye. Swali lao pia lilikuwa la mtoto ambaye hajatulia. Kwa aliyekwisha tulia kama huyo wa shemeji, faida ya kangaroo haijaanza jana. Daktari Edgar Rey alianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, watoto wanarundikana.

Mama Saluni Tegeta

Mimi ni mwajiri, nina wasichana sita. Niseme ukweli ambao mtanichukia. Likizo ikirefuka na mshahara ninalipa mimi, nitamwangalia binti mwenye ndoa mpya mara mbili kabla sijamwajiri. Siyo roho mbaya, kiti kimoja kikikaa wazi kodi ya fremu haipungui. Kwa hiyo wazo la mleta mada kwamba serikali ndiyo ilipe mimi naliunga mkono, tena ilipe na kwa wasichana wangu. India wanampa mama wa mtoto wa kwanza rupia 5,000 hata kama hana ajira rasmi. Na sisi tunayo TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii: kaya maskini zimekuwa zikipokea hela na mama akitakiwa ampeleke mtoto kliniki. Njia ya kupitishia ipo, msijifanye hamuioni.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba Nesi. TASAF inatambua kaya kabla, kijiji kinakaa kikao. Njiti hatoi taarifa. Orodha ya kijiji mpaka ikamilike mtoto ana meno. Ukitaka ifanye kazi, daftari la wodi ndilo liwe orodha: siku ya kulazwa, siku ya kuruhusiwa, sahihi ya mganga mfawidhi. Hapo naweza kukusikiliza. Nimesema naweza.

Baba Pacha Mwanza

Wa kwetu walizaliwa na gramu 1,500 na 1,420. Mama kifua ni kimoja, watoto wawili. Nesi akaniambia baba vua shati. Mama yangu mzazi alikuja akatukuta, akasema mtoto anabebwa mgongoni, hayo ya mwanaume kumweka kifuani kayatoa wapi. Siku ya tatu akakiomba kiti akakaa yeye. Zamu zetu: mimi alfajiri mpaka saa 4, bibi mchana, mama yao usiku. Mleta mada, kaka yako yuko wapi kwenye hii stori? Sijamsikia.

Mleta mada

Yuko safarini na lori, Tunduma. Karudi juzi akaondoka. Ila umenigusa, Baba Pacha.

Mkunga wa Kilwa

Nawasoma kimya toka mwanzo. Kuna tundu kwenye hoja. Mleta mada anataka wiki zilezile za mwajiriwa, yaani mpaka 36. Sasa nina mama hapa, kajifungua wiki ya 38, mtoto kilo 1.6, alidumaa tumboni kwa presha ya mama. Kwa sheria huyo si njiti. Lakini huo utafiti mnaouimba ulipima kilo, na kilo 1.6 imo ndani. Huyu naye anahitaji kifua vilevile. Halafu mama zangu wengi wanakuja kliniki mimba ina miezi mitano, tarehe ya mwisho ya hedhi anakisia kwa msimu wa korosho. Wiki 36 nitaihesabia wapi? Mizani ninayo.

Mleta mada

Mkunga umenikamata. Narekebisha: apimwe kwa kilo, si kwa wiki. Alipwe tangu siku ya kulazwa mpaka mtoto afikishe uzito ambao wodi inamruhusu atoke. Daftari liwe la wodi kama alivyosema Mhasibu. Elfu kumi naiacha, mwenye hesabu bora aje nayo.

Na kwa waliouliza: shemeji hakutoroka. Mdogo wake kaja kutoka Kibaha, kafundishwa kufunga khanga, kachukua kifua kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9. Shemeji kapika, kauza, karudi na maziwa yamejaa mpaka yanavuja kwenye blauzi. Mizani ya leo jioni imesoma 1,390.