Naomba ushauri: matembezi ya hisani ya shule kuchangia maji salama, upande wa Ngarenanyuki

MwalimuWaKata

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, kaskazini mwa Mlima Meru, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Tuna wanafunzi 420, wote wa kutwa. Maji ya kunywa tunayatoa kwenye kijito kinachoshuka mlimani. Watoto huyafuata na madumu kabla ya kipindi cha kwanza, na ukisimama njiani asubuhi utaona kwamba wanaotumwa karibu wote ni wasichana.

Maji yenyewe ni maangavu, ukiyatazama kwenye glasi huna shaka nayo. Shida ni floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno. Mtu yeyote aliyepita huku ameona meno ya watoto wetu yalivyo na rangi ya kutu. Nina wanafunzi hodari ambao wakiulizwa swali darasani wanajibu wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Hilo linaniuma sana.

Sasa klabu imekuja na wazo la matembezi ya hisani ya kilomita 10, tarehe 22 Machi, siku ya kilele cha Wiki ya Maji. Kila mwanafunzi atafute wadhamini wa kumchangia kwa kilomita, na fedha zichimbe kisima shuleni. Mkuu wa shule amekubali kwa mdomo. Wanafunzi wanataka kutembea na ndoo kichwani ili watu waelewe.

Naomba ushauri wa vibali, wa namna ya kukusanya fedha bila kuzua maneno, wa usalama wa watoto barabarani, na wa lolote ambalo sijaliona. Sijawahi kuandaa jambo la ukubwa huu.

Fundi Bomba

Mwalimu, hongera wewe na vijana wako. Nianze na kisima, maana hapo ndipo fedha nyingi za watu wema huishia huku kwetu.

Meru ni volkano. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanapokaa muda mrefu chini yanaiyeyusha na kuibeba. Ukichimba unaweza kupata maji mengi, baridi, matamu, yenye floraidi kuliko hata hicho kijito mnachokikimbia. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama na cha jirani yake kisifae, huwezi kujua kwa kuangalia wala kuonja. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Zamani sisi Tanzania tuliruhusu hadi 4, sasa na sisi tumeshuka hadi hiyo 1.5, na kuna vyanzo vya ukanda huo vinavyopita hapo mara nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha kadi ya wadhamini hata moja, nenda ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya yako. Waeleze, waombe wawasaidie sampuli ya kijito ipimwe kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara iliyoko Arusha. Waulize pia kama kuna mradi wa bomba uliopangwa kupita hapo. Itauma sana kumaliza fedha za watoto kwenye shimo halafu bomba lipite getini.

Ushauri wangu ni mvua. Maji ya mvua hayajagusa mwamba, hayana floraidi ya kukusumbua. Mna mabati, mnakosa mifereji na matangi.

Binti Meru

Naunga mkono. Mimi nimezaliwa huko na meno yangu ni hayo hayo. Naomba mwalimu uwafundishe watoto jambo moja wakati mnajiandaa: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, vizuri, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floraidi inabaki kwenye sufuria na kukolea zaidi. Nyumbani mama alichemsha maji kwa miaka yote akiamini anatulinda.

Na jikoni kwenu shuleni, makande mnapika kwa magadi? Magadi yanayotumika huku yana floraidi ya kwake. Hata mkipata maji safi kabisa, mkiendelea kutia magadi kwenye maharage mtakuwa mnairudisha kwa mlango wa nyuma. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Mdau wa Jiji

Samahani, kwani ule mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa bilioni 520 haujawafikia?

MwalimuWaKata

Mkuu, mradi ule ni wa jiji na miji midogo ya jirani kama Usa River na Ngaramtoni. Upande wetu wa mlima ni habari nyingine.

Fundi Bomba, umenishtua na umenisaidia. RUWASA nitakwenda wiki hii. Swali langu kuhusu mvua: sisi tuko upande mkavu wa mlima. Je, paa la shule litatosha watoto 420?

Fundi Bomba

Tupige hesabu, na uifanye na wanafunzi ubaoni kwa sababu ndiyo itakayowashawishi wachangiaji. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja ya maji. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Chukua mvua ya milimita 500 kwa mwaka, nimekadiria chini makusudi. Hiyo ni lita 80,000. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayomwagika na yanayokauka, zinabaki 64,000. Hilo ni jengo moja tu.

Sasa matumizi. Msihesabu kuosha vyombo wala usafi wa vyoo, huko endeleeni na kijito. Hesabuni kunywa tu, lita moja kwa mtoto kwa siku ya shule. Kipindi kigumu ni masika yakiisha hadi vuli zianze. Ukitoa likizo ya katikati ya mwaka, tuseme ni siku 80 za masomo. Mara 420, ni lita 33,600. Kwa hiyo mnatafuta matangi ya jumla ya lita 40,000. Mnaweza kuweka Simtank (matangi ya plastiki) nne za lita 10,000, au mkajenga tangi la saruji kama mna fundi mnayemwamini. Majengo mawili yakiwa na mifereji, matangi yatajaa bila wasiwasi hata mwaka wa mvua haba.

Na hapo ndipo tarehe yenu inapoleta shida. Tarehe 22 Machi masika yanaanza au yameshaanza. Mtatembea kwenye tope, fedha zitaingia Aprili, fundi atamaliza Juni mvua zikiwa zimekatika, na matangi yatasimama makavu mpaka vuli. Mchangiaji akipita Agosti akakuta tangi tupu atasemaje? Tembeeni mwezi Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Hali ya hewa ni ya baridi, njia kavu, na kuna muda wa kujenga kabla ya vuli.

Afisa Mazingira

Hapo kwenye tarehe natofautiana kidogo na Fundi. Wiki ya Maji ina nguvu yake. Machi 22 ni Siku ya Maji Duniani, inaadhimishwa tangu 1993, na wiki hiyo viongozi wa halmashauri wanatafuta shughuli za kuhudhuria. Mkiwa na matembezi siku hiyo mtapata mgeni rasmi bila kuhangaika, na pengine redio za Arusha zitakuja.

Fundi Bomba

Ni kweli, lakini mgeni rasmi hajazi tangi. Tembeeni Agosti, halafu Machi 22 mwalikeni aje kufungua koki maji yakiwa yanatoka.

Afisa Mazingira

Hapo nimekubali. Ila angalieni kidato cha nne na cha pili, Septemba wako kwenye maandalizi ya mitihani ya taifa ya Novemba. Agosti ni bora.

Mhasibu Mstaafu

Mwalimu, suala la fedha lisikilize kwa makini, kwa sababu jina lako ndilo litakalobeba lawama.

Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada hadi kidato cha nne, na michango ya lazima hairuhusiwi. Kwa hiyo neno "kila mwanafunzi atafute wadhamini" liondoe leo. Likifika kwa mzazi kama agizo, asubuhi yake utaitwa ofisini. Iwe hiari, iandikwe hiari, na mtoto asiye na kadi atembee sawa na mwenye kadi, bila kuulizwa. Peleka andiko kwa bodi ya shule, bodi ipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usianze mpaka uwe na barua mkononi. Idhini ya mdomo ya mkuu wa shule haitoshi, akihamishwa kesho unabaki peke yako.

Walimu wasishike fedha. Iingie kwenye akaunti ya shule moja kwa moja, na kadi ieleze hivyo. Namba ya simu ya mtu binafsi isiandikwe popote, hata yako, hata kwa siku moja.

Sisi tunajua kuchangishana. Harusi zetu zinafanikiwa kwa kadi, vikao na mweka hazina anayefuatilia ahadi mpaka siku ya mwisho. Tumia utaratibu huohuo. Wachukue akina mama wawili watatu wa kijijini waliowahi kusimamia kamati za harusi, uwape daftari la ahadi. Hakuna atakayewazidi. Ahadi isiyofuatiliwa ndani ya wiki mbili baada ya tukio ihesabu imekufa. Naijua shule iliyotangaza mamilioni siku ya matembezi na mkononi ikapata chini ya nusu, kisha wazazi wakauliza nyingine imeliwa na nani, ilhali haikuliwa na mtu. Ilikuwa haijalipwa tu.

Siku ya tukio tangazeni fedha iliyoingia benki, si iliyoahidiwa. Na bandikeni hesabu kwenye ubao wa shule na ofisi ya kijiji, pamoja na risiti.

Mama wa Usa

Mimi naomba niseme juu ya ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Msiwabebeshe watoto mzigo huo kilomita 10 ili watu wapige picha. Na hao wasichana wanaoubeba kila asubuhi mnataka waubebe tena siku ya matembezi?

Kama mnataka watu waelewe, wabebe wageni. Njia ya kijitoni ifanyeni kuwa kipande cha mwisho cha matembezi. Diwani, wafanyabiashara, wazazi wa kiume, kila mmoja akabidhiwe dumu lake alijaze kijitoni na kulipandisha hadi shuleni. Wanafunzi watembee mikono mitupu kando yao na wawaeleze.

Jambo lingine, mwalimu, nalisema kama mama. Maji yakipatikana, msichana aliye kwenye siku zake apate maji ya kunawa chooni. Hesabu ya Fundi ni ya kunywa, nimeielewa, lakini wekeni hata tangi dogo la maji ya kijito pale vyoo vya wasichana. Hilo halihitaji maji yasiyo na floraidi. Na zamu ya kuyapandisha iwe ya wavulana pia, kuanzia sasa, bila kusubiri matembezi.

MwalimuWaKata

Mama, hili la zamu nalianza Jumatatu. Nashukuru sana.

Nesi wa Zamu

Kuhusu usalama. Ombeni fomu ya ridhaa ya mzazi, na iwe na sehemu ya kutaja pumu, selimundu, kifafa na matatizo ya moyo. Mtoto mwenye selimundu asitembee umbali huo, mpeni kazi ya kugonga muhuri kwenye kadi kituoni, naye awe na fulana kama wenzake. Anzeni saa 12:30 asubuhi, saa 4 muwe mmemaliza, jua la huko likishapanda halina huruma. Wekeni kituo cha maji kila kilomita mbili, yawe ya chupa au yaliyotibiwa, na ORS ziwepo. Kituo cha afya cha kata kiombeni muuguzi mmoja, na Msalaba Mwekundu wana vijana wa huduma ya kwanza, waandikieni mapema. Bodaboda mbili zitembee nyuma kabisa kuokota waliochoka. Kilomita 10 kwa kidato cha kwanza ni nyingi, fanyeni 6.

Skauti Mkuu

Msiguse barabara ya lami. Njia za vumbi za kijiji zinatosha, na ndiko kwenye watu wenu. Polisi wanatakiwa kupewa taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, kwa mkuu wa polisi wa eneo. Nyinyi pelekeni wiki mbili kabla, mkiambatisha barua ya halmashauri na mchoro wa njia, na nakala kwa mtendaji wa kata. Skauti wa shule wakae kwenye kila makutano na bendera.

MwalimuWaKata

Wakuu, nimesoma yote na klabu imekaa leo mchana. Tumekubaliana matembezi yawe Jumamosi moja ya Agosti, kilomita 6 kwa njia za vijiji, ya hiari kabisa. Lengo ni matangi ya lita 40,000 na mifereji ya majengo mawili, si kisima. Kutoka kijitoni hadi shuleni, wageni ndio watakaobeba maji. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameanza kupima mapaa kwa futi kamba, na wasichana wawili wameomba kuandika andiko la bodi wenyewe.

Swali moja limebaki. Mabati yetu yana vumbi jingi kiangazi chote, na ndege. Maji ya kwanza si yatakuwa machafu?

Fundi Bomba

Yatakuwa machafu, na ndiyo maana usikubali fundi aunganishe mfereji moja kwa moja na tangi. Kabla ya tangi aweke bomba la inchi sita lililosimama wima, limezibwa chini na kifuniko cha kufungua. Mvua ikianza, maji ya kwanza yenye vumbi yanajaza bomba hilo, na likishajaa yanayofuata ndiyo yanaingia tangini. Baada ya kila mvua mtu anafungua kifuniko na kulimwaga. Mlango wa tangi uwe na wavu wa mbu, koki iwe juu ya sakafu ya tangi kwa kiganja kimoja ili tope libaki chini, na tangi lioshwe kila mwaka kabla ya vuli. Maji ya kunywa tibuni kwa klorini. Kwenye bajeti tengeni fedha za koki na mabomba ya akiba, maana koki ya shule haimalizi mwaka.

Ukipata majibu ya sampuli kutoka maabara, yaweke hapa.