Naomba ushauri: je, "legatio" na "legio" ni neno moja?

Mwanagenzi: Habari zenu, wanajukwaa. Ninajifunza Kilatini peke yangu, nami nimekwama mwishoni mwa kitabu cha 2 cha habari za vita vya Gallia (takriban Ufaransa ya leo) alizoandika Julius Caesar, penye maneno "quas legationes". Nilitafsiri kwamba Caesar aliyaamuru majeshi yarudi kwake mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata, na rafiki yangu wa Legio Maria akaniunga mkono. Hata hivyo, sentensi iliyotangulia inataja makabila ya ng'ambo ya mto Rhine yaliyotuma watu kwa Caesar, wala haitaji jeshi. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kamusi: Umeponzwa na silabi moja, ndugu yangu. Legatio linatokana na kitenzi legare, yaani kumtuma mtu kwa mamlaka, ambacho nacho kimetoka katika lex, sheria. Aliyetumwa ni legatus, na shina legat- likiongezwa -io hutoa jina la tendo au la wadhifa wake. Legio, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, ni la legere, kukusanya au kuchagua, kwa kuwa askari wake walichaguliwa. E ya legatio ni ndefu na ya legio ni fupi, ila vitabu vingi huchapwa bila alama za urefu. Baadaye legatio likawa pia jina la watu wenyewe waliotumwa, kama sisi tusemavyo "ujumbe umewasili" tukimaanisha wajumbe.

Sarufi Kwanza: Naongezea kwamba "quas" isingeweza kukuokoa, kwa sababu majina yote mawili ni ya jinsia ya kike na ya kundi la 3. Usikariri legatio pekee. Kariri pamoja na umbo la umilikaji, legationis, maana n ya shina hujitokeza hapo na kubaki katika legationem, legationes na legationum. Legio nalo huenda legionis, kwa hiyo tofauti itafute katikati ya neno, kwenye -at-.

Mpitanjia: Rafiki yako asilaumiwe sana, kwani wanaisimu wengi huliunganisha lex lenyewe na legere katika asili yao ya kale.

Mwanagenzi: Asanteni. Sasa nimeandika: "Kwa kuwa alikuwa akienda Italia na Illyricum kwa haraka, Caesar aliwaamuru wajumbe hao warudi kwake mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata."