Maandishi yamegeuka ukungu: nani kawaambia kila mtu ana skrini ya 4K?

Wakuu, hili limenifika shingoni. Kila toleo jipya la programu likija maandishi yanazidi kufifia, na ukilalamika unaambiwa kanunue skrini ya kisasa. Skrini yangu ni nzima! Inchi 15.6, pikseli 1366 kwa 768, na programu za zamani bado zinasomeka vizuri humo humo.

Skrini ya aina hii ina pikseli 100 hivi kwa inchi. Fonti ya pointi 9 kwenye Windows, kwa mipangilio ya kawaida, inapewa kimo cha pikseli 12 tu, na humo "e" inaambulia 6 hivi. Mguu wa "l" unatakiwa ujae kwenye safu moja ya pikseli, mweusi tii. Programu isipousogeza hadi hapo, unaangukia katikati ya safu mbili na zote zinapakwa kijivu. Tazama "m" kwa karibu: mguu mmoja umekolea, miwili imepauka. Tundu la "e" limeziba. "rn" unaisoma "m". Halafu mtu ashinde na hayo kutwa nzima!

Na dawa ilishapatikana zamani, ndiyo maana nina hasira. Fonti ya Verdana ya 1996 ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya skrini za namna hii, na Tom Rickner akaipachika maelekezo ya wapi kila mstari ukae. Windows XP ikaja na ClearType mwaka 2001, inayotumia vipande vya nyekundu, kijani na bluu ndani ya kila pikseli kunyoosha kingo za herufi. Leo dawa hizo zinaondolewa moja moja. Apple waliizima njia hiyo ya rangi kwenye macOS Mojave, 2018. GTK 4, zana inayochora madirisha na menyu za programu nyingi za Linux, ikatoka 2020 bila njia hiyo.

Watengenezaji wanasema njia hiyo inasumbua maandishi yakiwa juu ya kitu kinachoonyesha kilicho nyuma yake, au yakizungushwa. Nakubali. Lakini menyu haizunguki, wala barua pepe! Kwa nini wasiache swichi kwenye mipangilio, kila mtu achague kulingana na kioo chake?

Mwenye kujua kihariri au programu ya kusomea PDF ambayo bado inafuata mipangilio ya fonti ya mfumo, aitaje hapa chini.